Nimekulia kwenye mashua Lamu: nifuate njia gani ili niwe mwalimu wa dingi za tanga?

Mwana wa Langoni

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Langoni hapa Lamu. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi la kubebea boriti, baba yangu ni nahodha wa mashua inayochukua wageni, nami nimeshika kana ya usukani, yaani mpini wake, tangu sijafika darasa la tatu. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijitolea kila Jumamosi katika klabu ya mashua iliyo karibu nasi, ambako kuna dingi chache za tanga, yaani vyombo vidogo vya wazi vya kujifunzia: Optimist saba za watoto na Laser tatu za wakubwa. Kazi yangu hadi leo imekuwa kuzitoa bandani, kusimamisha milingoti, kufunga matanga, kuwavika watoto majaketi ya kuokolea, na kukaa katika boti ya mashine wakati mwalimu anapofundisha.

Mwalimu huyo anahama, na msimamizi wa klabu ameniambia kwamba nikipata cheti kinachotambulika nitapewa darasa la watoto kwa malipo. Naitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Ningependa kujua kama ujuzi wangu wa mashua utahesabiwa, au nitaanza kama mtu ambaye hajawahi kuona tanga; na kama ni lazima nianze kwa kuwa mwalimu msaidizi.

Kuna jambo la pili, na ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi iliyopita mwalimu alichelewa, nikaachiwa watoto saba kwa muda wa nusu saa, kila mmoja na Optimist yake, karibu na ufuo. Nilitaka kuwafundisha kugeuza dingi ili upepo uingie upande wa pili wa tanga. Nilieleza, hawakuelewa. Nikaeleza tena, nikaona maneno yangu yanagongana. Mwishowe niliingia majini, nikashika kana kutoka mkononi mwa mtoto mmoja wa miaka tisa, nikaigeuza dingi mwenyewe. Akaniuliza, "Umefanyaje?" Nikamjibu, "Nitazame tu." Alinitazama, na bado hakujua. Je, hili hufundishwa mahali, au mtu huzaliwa nalo?

Mkufunzi wa Mtwapa

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimefundisha dingi kwa miaka kumi na moja, na nitajibu swali lako la vyeti kwanza, kwa sababu lina majibu yaliyonyooka, kisha nitarudi kwa mtoto wako wa miaka tisa.

Mpango unaofuatwa na vituo vingi vya nchi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza, pamoja na hapa kwetu, ni ule wa RYA, yaani chama cha mashua cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1875. Ngazi ya kwanza ni mwalimu msaidizi, ambaye hupewa mafunzo ya takriban saa 20 na mkuu wa kituo chenyewe, naye hufundisha chini ya usimamizi wa mwalimu mkuu. Cheti hicho hutumika katika kituo kilichokitoa tu, na kituo chenyewe lazima kiwe kimetambuliwa na RYA. Kwa hiyo, uliza kwanza kama klabu yenu imetambuliwa. Ikiwa bado, usipoteze muda kwenye ngazi hiyo, kwani si lazima kuipitia. Elekea moja kwa moja kwenye cheti cha mwalimu wa dingi, ambacho utakwenda nacho popote.

Ili ukubaliwe kwenye kozi ya ualimu unatakiwa uwe umetimiza miaka 16, uwe mwanachama wa RYA, uwe na cheti cha huduma ya kwanza ambacho hakijapitwa na muda, uwe na cheti cha boti ya mashine cha daraja la pili, uwe umemaliza somo fupi la mtandaoni kuhusu ulinzi wa watoto, na uwe umefaulu mtihani wa kuendesha tanga katika muda usiozidi mwaka mmoja kabla ya kozi. Kozi yenyewe ni ya saa 50 hivi, ambazo vituo vingi huzipanga katika siku tano, na mwisho wake huja mtahini wa nje ambaye hakuhusika kukufunza.

Watu wengi wa pwani hukwama kwenye cheti cha boti ya mashine, si kwa sababu ni kigumu, bali kwa sababu wanaona ni dharau kufundishwa boti ambayo wameiendesha tangu utotoni. Nakuomba usiwe miongoni mwao. Ni siku mbili tu, na humo ndimo utakapozoea kujifunga mguuni ile kamba inayozima mashine mtu akirushwa nje ya boti. Mwalimu wa dingi huikaribia miili ya watoto walio majini mara kadhaa kwa siku, huku rafadha, yaani panga la mashine, ikiwa chini yake. Sijawahi kumpa kazi mtu anayeiacha kamba hiyo ikining'inia kwenye usukani. Kumbuka pia kwamba leseni ya kuendesha boti kwa mujibu wa sheria ya Kenya ni jambo jingine. Hiyo ni ya KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa baharini nchini, na cheti cha RYA hakiwi badala yake.

Sasa kuhusu ujuzi wako wa mashua. Hakuna fomu itakayouhesabu, lakini mtihani wa kuendesha tanga utaudhihirisha. Utaambiwa uzunguke maboya matatu yaliyopangwa pembetatu, uzunguke boya moja kwa karibu sana, umwokoe aliyeanguka majini, usogee ubavuni mwa chombo kilichotia nanga, utue ufuoni huku upepo ukikusukuma kwa nyuma, uirudishe dingi kinyumenyume, uiinue ikiwa imepinduka, na uiendeshe bila usukani. Hilo la mwisho huwaliza watu waliojifunzia vitabuni. Wewe umekulia kwenye chombo ambacho viroba vya mchanga huhamishwa kutoka ubavu hadi ubavu kila upepo unapobadilika, na unajua tayari kwamba uzito na tanga ndivyo vinavyoamua chombo kielekee wapi. Kwenye dingi, kiroba cha mchanga ni mwili wako.

Hata hivyo, mashua imekupa mazoea mawili ambayo yatakuponza usipoyaangalia. Kwanza, tanga letu la pembe tatu hutundikwa kwenye foromali, yaani mti wa juu unaoshika tanga, na halina mti wa chini. Dingi ina mti wa chini, na unapopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine haukuoni. Mabaharia hodari wa Lamu na Kizingitini wamekuja kwangu, na karibu kila mmoja alipigwa kichwani siku ya kwanza. Pili, nahodha wa mashua anapotaka kubadilisha upande, kwa kawaida hukipeleka chombo chini ya upepo ili foromali ipitishwe mbele ya mlingoti, kwa sababu kwa chombo kile njia hiyo ndiyo salama. Kwenye dingi mambo yamepinduka: kugeuza kwa omo, yaani kwa sehemu ya mbele ya chombo, ukiupasua upepo uso kwa uso, ndiyo njia ya upole, na kugeuza kwa tezi, yaani kwa sehemu ya nyuma, ndiyo inayorusha mti wa chini kwa nguvu na kuwatia watoto majini. Mkono wako utakimbilia kile ulichokizoea, hasa upepo unapokuwa mkali, kwa hiyo fanya mazoezi mpaka mkono ujifunze upya.

Tuje kwa mtoto. Swali alilokuuliza ndilo hasa kozi ya ualimu inalolijibu, na wala hukuzaliwa na upungufu wowote. Kosa ulilofanya ni kufundishia majini jambo ambalo lilipaswa kufundishwa nchi kavu. Vuta Optimist moja juu ya mchanga, ilaze kwa kuiegemeza kidogo upande mmoja ili mtoto ahisi ubavu wa juu na wa chini, mkalishe upande wa goshini, yaani ule unaotoka upepo, mpe kana na demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, mikononi, kisha umwelekeze hatua moja baada ya nyingine, nawe ukae kimya kati ya hatua na hatua. Atazame kama njia iko wazi. Aseme kwa sauti kwamba yuko tayari. Aisukume kana kuelekea kwenye tanga. Ainame, apite chini ya mti huku uso ukielekea omoni, mkono wa kana ukibaki nyuma ya mgongo. Aketi upande wa pili, ainyooshe kana, na hapo tu abadilishe mikono. Mtoto akiifanya mara kumi mchangani ataifanya mara mbili majini bila wewe kupaza sauti. Nawe, ukiwa unamfundisha, weka mikono yako nyuma. Mikono ya mwalimu ikibaki nyuma, mdomo hulazimika kutafuta maneno.

Binti Shela

Shukrani kwa Mkufunzi kwa maelezo hayo. Mimi ni mwalimu msaidizi, na nina mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza ni kwamba kaka yetu aliachiwa watoto saba, kila mmoja peke yake kwenye dingi yake, naye hana cheti. Kipimo tulichofundishwa ni wanafunzi wasiozidi 6 kwa mwalimu mmoja iwapo kila mwanafunzi yuko peke yake, na wasiozidi 3 iwapo mwalimu yumo ndani ya dingi pamoja nao. Simlaumu kijana, kwa sababu aliyemwachia darasa ndiye mwenye dhamana. Lakini kaka, ukiwekwa tena katika hali hiyo kataa, hata kama aliyekuweka ni mkubwa wako. Waache wachezee mchangani mpaka mwalimu afike.

La pili ni juu ya mabinti. Ikiwa unataka darasa lako liwe la watoto wote wa mji na si la wageni peke yao, nenda mwenyewe ukazungumze na mama zao kabla ya kutundika tangazo lolote. Nilipoanza, hakuna msichana wa mtaani aliyekuja. Nilipozunguka nyumba kwa nyumba niligundua kwamba wazazi hawakuikataa bahari. Walitaka kujua nani atakuwepo, watoto watabadilisha nguo wapi, na kama binti ataruhusiwa kujisitiri. Sasa wanavaa suruali ndefu nyepesi, fulana ya mikono mirefu na kilemba kilichobana ambacho hakiwezi kunasa kwenye kamba. Mtandio mrefu usiruhusu kabisa, na uwaeleze sababu kwa heshima: demani ikikimbia huondoka na chochote kinachoning'inia. Jaketi la kuokolea nalo livaliwe juu ya yote, likazwe mpaka ukiliinua mabegani lisipande.

Nahodha wa Matondoni

Mwanangu wa Langoni, salaam. Nimesoma yote yaliyoandikwa na sina ugomvi nayo, ila nimeona vyeti vimezungumzwa sana na maji hayajazungumzwa. Cheti hakitakwambia bahari ya Lamu ina tabia gani, na watoto utakaowafundisha watakuwa juu ya bahari hiyo.

Mlango wetu wa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na yote hayo lazima yapite katikati ya visiwa vya Lamu na Manda. Yakipwa, hukimbilia Shela na kutoka nje. Dingi ya mtoto katika upepo mwanana haiwezi kushindana na mkondo huo. Omo itaelekea mjini, tanga litajaa vizuri, mtoto ataona anakwenda, kumbe kila dakika anasogea kuelekea bahari kuu. Wafundishe tangu siku ya kwanza kuchagua alama mbili pwani, mnara na mnazi, au gati na nyumba iliyo nyuma yake, na kuzitazama zikiachana au zikikutana, ili wajue wanakokwenda na si wanakoelekea.

Nyakati za kusi ongeza hatari nyingine. Kusi huingia mlangoni kutoka baharini, na maji yakipwa hutoka kukutana nayo, kwa hiyo mawimbi husimama wima kama ukuta pale penye mlango wa Shela. Saa mbili baadaye, maji yakianza kujaa, mahali palepale hulala. Anayepanga darasa kwa saa ya ukutani peke yake atawapeleka watoto kwenye ukuta huo. Anza mafunzo maji yanapoanza kujaa, na kama inawezekana uchague siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, kwa wale ambao ni wageni wa chombo. Kaskazi nayo huvuka kutoka Manda na kumsukuma mtoto kwenye kuta za mji na vyombo vilivyofungwa hapo, ambako atavunja vidole akijaribu kujizuia kwa mkono. Mafunzo ya wanaoanza yafanyiwe upande wa Manda, ambako kuna kivuli cha upepo.

Jambo la mwisho. Mkufunzi amesema umefundishwa mazoea mawili mabaya na mashua. Nami naona asikufanye uyaonee aibu. Maneno ya mashua ndiyo hazina yako: goshi, demani, joshi, omo, tezi, na kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kwenda upande huu na huu. Mtoto wa Lamu aliyeyasikia nyumbani kwa babu yake ataelewa ukimwambia "kaa goshini" haraka kuliko ukimwambia kwa lugha ya kitabu.

Mkufunzi wa Mtwapa

Mzee wetu, nimekubali, na nimestahili kusahihishwa. Nilikusudia kusema kwamba mazoea yale ni sahihi kwa chombo chake na si kwa dingi. Sikukusudia kuyaita mabaya. Kuhusu maneno tuko pamoja. Kozi ina mambo matano ambayo kila mwanafunzi hurudia mpaka yamganda: tanga limekazwa vipi, uzito uko ubavu gani, uzito uko mbele au nyuma, ubao wa katikati umeshushwa kiasi gani, na chombo kinakwenda wapi kwa kweli. Hilo la tano ndilo Mzee amelieleza kwa mnara na mnazi, na sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi katika kozi yoyote.

Niongeze kisa kimoja kuhusu maji kupwa, kwa sababu kilinitokea katika mwaka wangu wa kwanza, kwenye klabu ambayo sitaitaja. Niliwapeleka vijana wawili na Laser mbili ndani ya hori, yaani mkono wa bahari, maji yakiwa nusu. Mmoja akapinduka, na kabla hajaufikia ubao wa katikati dingi ikageuka kifudifudi, mlingoti ukachoma matope. Niliifunga kamba ubavuni nikaivuta kwa mashine, kwa pupa, huku kijana akitetemeka kwa woga juu ya tumbo la dingi. Mlingoti wa Laser ni vipande viwili vilivyochomekwa, na ulipinda pale penye kiungo. Nilipaswa kwanza kumtoa kijana na kumweka ndani ya boti yangu, kisha niuvute mlingoti taratibu utoke kwa njia ileile ulioingilia. Tangu hapo sianzi somo lolote kabla ya kutumbukiza upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, na kuhakikisha kwamba kina kinazidi urefu wa mlingoti, au basi kiwe kifupi kiasi cha mtoto kusimama.

Kuhusu mahali pa kusomea, uliza Kilifi na Mombasa, ambako dingi za aina hii zimeendeshwa kwa miaka mingi. Klabu ya mashua ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1910. Usikubali kulipa kabla ya kuoneshwa kwamba kituo kina kibali cha kutoa cheti unachokitaka, kwa kuwa kituo kinaweza kuruhusiwa kufundisha dingi bila kuruhusiwa kufunza walimu. Huduma ya kwanza unaweza kuipata kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, lakini uliza mapema kama cheti chao kitakubaliwa na kituo utakachokwenda, kwani vituo hutazama sana suala la aliyezama na aliyepigwa na baridi ya maji. Cheti hicho kitahitaji kufanywa upya kila baada ya miaka 3.

Mwana wa Langoni

Mzee wangu wa Matondoni, Mkufunzi, na dada Binti Shela, Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Nimeuliza, na klabu yetu haijatambuliwa, kwa hiyo sitapitia ngazi ya msaidizi. Nimezungumza na msimamizi kuhusu watoto saba. Hakufurahi, lakini amekubali kwamba hadi nitakapopata cheti sitaachiwa darasa peke yangu, na kwamba dingi ya saba itabaki bandani. Nimepata nafasi ya kozi ya boti ya mashine huko Kilifi, nitapanda basi la asubuhi kutoka Mokowe wiki ijayo. Kozi ya ualimu nitaiomba baada ya kusi kupoa, ili nipate miezi ya kuuzoesha mkono wangu kugeuza kwa omo. Baba ameanza kunitazama nikibisha na Laser mbele ya gati, na jana alinipigia kelele kutoka kwenye mashua yake kwamba nimekaa nyuma mno, tezi inaburuta maji. Alikuwa na haki.

Jumamosi hii, mwalimu akiwepo, niliomba dakika ishirini. Niliilaza Optimist moja mchangani, chini ya mkwaju, nikamkalisha yule mtoto wa miaka tisa. Niliweka mikono nyuma kama nilivyoelekezwa, na haikuwa rahisi. Mara mbili niliipeleka mbele bila kujua, mwalimu akanikoholea. Mtoto alikosea kwa kubadilisha mikono kabla ya kuketi, nami nikanyamaza. Akarudia, akakosea tena palepale. Safari ya nne alisimama katikati ya dingi, akatazama mkono wake uliokuwa nyuma ya mgongo, akasema peke yake, "Kwanza nikae." Akakaa, akainyoosha kana, akabadilisha mikono. Kisha akataka kufanya tena, na tena, mpaka wenzake wakaanza kulalamika kwamba zamu zao zinapita.

Swali langu lililobaki ni dogo. Mkufunzi, huo upondo wa kupimia kina umeutia alama kila baada ya kiasi gani, na je, unapima ukiwa umesimama au boti ikiwa inakwenda?

Mkufunzi wa Mtwapa

Kila nusu mita, kwa rangi nyekundu, na alama nene zaidi penye urefu wa mlingoti wa Laser. Simamisha boti kabisa, zima mashine, pima sehemu tatu: pale utakapoweka boya la juu ya upepo, pale utakapoweka la chini, na pale ambapo wanafunzi wakishindwa kubisha watasukumwa. Hapo pa mwisho ndipo wengi husahau kupima.